Bi Karibu: Miaka Thelathini na Mitatu ya Kupokea, na Alasiri Moja ya Kusindikiza

Ijumaa, tarehe thelathini Juni, zamu ya asubuhi itakapofungwa saa nane mchana, mwenzetu tunayemwita Bi Karibu atavua beji yake baada ya miaka thelathini na mitatu, miezi miwili na siku nne za kazi katika hoteli hii. Siku nne hizo amesisitiza mwenyewe zitajwe. Anasema alizitumia zote kupiga pasi foronya, na hakuna aliyemwambia hata ahsante.

Nimeombwa na Idara ya Utumishi niandike wasifu huu kwa kuwa nimekaa naye meza moja kwa miaka kumi na minne. Niliambiwa niwe mfupi, niwe mchangamfu, na nisiguse habari za chumba 1108. Nimejitahidi katika mawili ya kwanza.

Bi Karibu alianzia chini, tena chini kwelikweli: chumba cha dobi, ghorofa mbili chini ya ardhi, ambako mvuke haumwachi mtu ajue kama nje kunanyesha au jua linawaka. Alikuwa na miaka ishirini na saba, ameolewa karibuni na fundi cherehani, na hakuwahi kukanyaga zulia la ukumbi wa mbele. Mwaka wa tatu, mpokea simu wa swichibodi alikaukiwa na sauti siku ya mkutano mkubwa. Msimamizi akashuka dobi akiuliza nani ana sauti inayosikika. Wenzake wote wakamnyooshea kidole yeye. Akapanda juu na aproni imelowa, akaketi, akapokea simu ya kwanza kwa neno moja tu: "Karibu." Aliyepiga akasema alikuwa amepiga kulalamika, ila sasa amesahau alichotaka kulalamikia.

Jina likamganda. Mumewe anatuambia hulitamka hata usingizini. Na kuna siku mama mkwe wake alipiga hodi nyumbani, naye akajibu kutoka jikoni, "Karibu, umeweka nafasi?" Mama mkwe akageuza njia. Ilibidi atumiwe ujumbe wa watu wawili kumrudisha.

Kutoka swichibodi alihamia mapokezi, na hoteli ilipoanzisha mpango wa kadi za wanachama, miaka ishirini na miwili iliyopita, meza ya wanachama ikawa yake. Kwa wenzetu wa jikoni na bustanini ambao hamjaziona kadi hizi: kuna ya fedha, ya dhahabu na nyeusi. Ya fedha inampa mgeni chupa ya maji na tabasamu. Ya dhahabu inampa chumba kikubwa kuliko alicholipia, kama kipo. Nyeusi haipati mtu asiyelala kwetu angalau siku ishirini kwa mwaka. Mwenye kadi hiyo anaingia chumbani saa yoyote afikayo, anakunywa chai yake katika sebule ya wanachama ghorofa ya juu kabisa, na wakati wageni wengine wanatakiwa watoke saa tano asubuhi, yeye ana haki ya kukaa hadi saa kumi alasiri. Bi Karibu aliongeza haki moja ambayo haikuandikwa katika kijitabu. Mwenye kadi nyeusi haondoki peke yake. Yeye mwenyewe hupanda, hubisha mlango, hushuka naye kwa lifti, na kumkabidhi kwa bawabu.

Hakuhitaji kompyuta kuwakumbuka. Mfanyabiashara mmoja wa mbao hakuwa analala vizuri mpaka kioo kifunikwe shuka. Alikuta kimefunikwa tayari. Mwimbaji mmoja maarufu aliogopa kupanda zaidi ya ghorofa ya sita na hakutaka watu wajue. Kila alipofika na kundi lake, Bi Karibu alimwambia kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima: "Samahani sana, za juu zote zimejaa." Huo ulikuwa uongo, na ndio uongo pekee niliowahi kumsikia akiusema.

Mgeni wake wa miaka mingi kuliko wote alikuwa Mhandisi. Hivyo ndivyo tulivyomwita. Alikuwa mkaguzi wa lifti, mjane, mwembamba, mwenye koti la kijivu na goti bovu, na kazi yake ilimleta kwetu kila mwezi, kuanzia Jumatatu hadi Jumatano. Chumba chake kilikuwa 1108. Alilala upande wa kushoto wa kitanda tu. Wa kulia ulikuwa wa marehemu mkewe, na shuka lake halikukunjwa hata kidogo. Pazia aliliacha wazi upana wa kiganja. Taulo alilikunja mara tatu na kuliweka ukingoni mwa beseni la kuogea. Akiwa ndani ya lifti husimama karibu na mlango, sikio limeelekezwa juu, na akifika chini hutoa ripoti. "Huyu namba mbili anakohoa," alituambia mara nyingi. "Mwiteni daktari wake."

Siku ya kuondoka, Bi Karibu alimfikisha mlangoni na kumwuliza swali lile lile: "Safari njema, Mhandisi. Tukutarajie lini?" Naye alijibu: "Siku mtakayonichoka mtaniambia." Walifanya hivyo kwa miaka kumi na mitatu.

Miaka tisa iliyopita Bi Karibu alichukua likizo ya wiki mbili kwenda kumuuguza binti yake aliyejifungua kwa shida. Jumatano ya wiki ya kwanza, saa nne asubuhi, msichana wa usafi alibisha 1108, akasikia maji yakimwagika, akasubiri, akabisha tena. Maji yalikuwa yameshafika kwenye zulia. Daktari alikuja, akatuambia kwamba moyo ulisimama wakati mzee anaoga na kwamba hakuteseka.

Mimi ndiye niliyekuwa mezani. Ukumbi wa mbele ulikuwa na kongamano la madaktari wa meno, watu mia mbili na vikombe vya chai mikononi. Walinzi walinipigia simu kuuliza wamshushe wapi. Nikasema, "Pitisheni nyuma." Basi Mhandisi akateremshwa kwa lifti ya mizigo, katikati ya matoroli ya mashuka machafu, akapitishwa nyuma ya jikoni, akatolewa kwa mlango wa kupakulia mboga. Madaktari wa meno hawakujua lolote. Saa tisa alasiri zulia lilikuwa limekaushwa, na saa kumi na mbili chumba kilikuwa na mgeni mwingine. Hoteli ndivyo zilivyo.

Bi Karibu aliporudi nilimpa habari ile katikati ya simu mbili. Alisubiri mpaka nikaweka chini simu ya pili.

"Nani alimsindikiza?" akauliza.

"Daktari na walinzi wawili."

"Sikukuuliza nani alimbeba."



Miezi saba ikapita. Jumatatu moja, saa tatu asubuhi, nilifungua kompyuta nikakuta chumba 1108 kimeandikwa: *Yumo ndani*. Jina la Mhandisi. Kadi nyeusi. Kuondoka: Jumatano. Nikajua ni hitilafu ya mashine, nikafuta. Baada ya nusu saa likarudi. Nikafuta tena, nikaenda kunywa chai, na niliporudi nikalikuta limenitangulia.

Keshoye akashuka mkuu wa usafi wa vyumba, yule tunayemwita Mama Shuka, mama mzito asiye na mzaha.

"Umemlaza nani 1108?"

"Hakuna mtu."

"Basi huyo Hakuna Mtu ameoga," akasema. "Na amelala upande wa kushoto tu. Pazia liko wazi hivi." Akaninyooshea kiganja chake.

Alhamisi asubuhi jina likawa limetoweka. Halikuandikwa *Ameondoka*, kama inavyotakiwa. Lilikuwa tu halipo. Mwezi uliofuata, Jumatatu, likarudi. Na mara hii lifti namba mbili nayo ikaanza. Ilipanda hadi ghorofa ya kumi na moja bila kuitwa, ikafungua, ikasubiri kwa muda ambao mtu mwenye goti bovu na begi moja angehitaji ili aingie, ikafunga, ikashuka. Ikifika chini inafungua, na hatoki mtu. Inabaki wazi, kama mtu anayechungulia ukumbini akitafuta sura anayoijua. Halafu inafunga taratibu na kupanda tena. Nilihesabu mara saba katika asubuhi moja. Wageni waliokuwa wakiisubiri walirudi nyuma hatua moja bila kujua kwa nini, wakaamua kutumia namba moja.

Wasichana wa usafi walianza kupanda kumi na moja wawili wawili, kisha watatu watatu, kisha wakaanza kuumwa vichwa. Mmoja alisema korido ilinuka sabuni ya kunyolea ndevu. Mwingine alisema alimpisha mtu njia, akamsalimia, na alipoinua macho hakumwona wa kumpisha.

 Nilimwona Bi Karibu, kila lifti ile ilipofunguka tupu, akiinuka kidogo kitini kwake.

Mwezi wa tatu mambo yakawa mabaya kwake. Makao makuu yalimtuma mtaalamu wa kompyuta, naye akagundua kwamba kila mara Mhandisi alipoingizwa 1108, aliingizwa kwa namba ya kazi ya Bi Karibu, hata siku ambazo Bi Karibu alikuwa nyumbani akilea mjukuu. Meneja Mkuu wetu alikuwa mgeni wakati huo, hajamaliza miezi minne. Alimwita ofisini Jumatano saa tatu asubuhi, nami nikaitwa niwe shahidi. Barua ya kumsimamisha kazi ilikuwa mezani, imeshapigwa chapa. Mtu mwenye miaka ishirini na minne ya utumishi alikuwa anakwenda kutolewa kama mwizi wa vijiko.

"Namba hii ni yako?" Meneja akauliza.

"Ni yangu."

"Basi niambie, unamlaza nani katika chumba cha mtu aliyekufa?"

"Simlazi mtu, Bosi. Lakini ningekuwepo siku anakuja, ningemwingiza. Chumba ni chake."

Meneja akamtazama kama anayeangalia hesabu isiyotaka kutoka. Akachukua kalamu.

"Kabla hujatia sahihi," Bi Karibu akasema, "leo ni Jumatano. Saa nne huwa anaoga. Panda ukasikilize, halafu ushuke uandike utakacho. Mimi nipo, sikimbii."

Nadhani Meneja alikubali ili amkomeshe. Tulipanda wanne: Meneja, Fundi wa kufuli na umeme, Mama Shuka, na mimi. Bi Karibu alibaki chini, kwa kuwa ndiye mshukiwa. Fundi alichomeka kifaa chake kwenye kitasa cha 1108 na kutuonyesha kwamba mlango ulikuwa haujafunguliwa tangu Jumanne mchana. Tukasimama koridoni. Jua lilikuwa limejaa dirishani, na hakukuwa na giza la kulisingizia.

Saa nne na dakika mbili bomba likafunguliwa.

Tulisikia maji yakipiga beseni, kwanza kwa kishindo, kisha kwa sauti nzito kadiri yalivyojaa. Tukasikia mtu akikohoa, kikohozi kidogo cha mtu mstaarabu. Mama Shuka alinishika mkono, na siku tatu baadaye bado nilikuwa na alama za kucha zake. Meneja akapauka, lakini akabisha kwa nguvu.

"Mapokezi!"

Maji yakafungwa. Nimesikia mengi katika kazi hii, lakini sijasikia tena kimya kama kile, kimya cha mtu aliyefunga bomba ili asikie vizuri nani yuko mlangoni.

Fundi akafungua. Hapakuwa na mtu. Beseni lilikuwa limejaa nusu na mvuke ulikuwa unapanda. Taulo lilikuwa ukingoni, limekunjwa mara tatu. Kioo kilikuwa kimefunikwa na ukungu wote isipokuwa sehemu moja katikati, iliyofutwa kwa kiganja, upana wa uso wa mtu. Meneja akatia kidole majini, akakitoa haraka.

"Ya moto," akasema, hakuna aliyemuuliza.

Akaketi kitandani, upande wa kulia.

"Bosi," Mama Shuka akanong'ona, "usikae hapo. Hapo ni pa mkewe."

Meneja Mkuu aliinuka kama aliyekalia pasi. Barua ile aliikunja, akaitia mfukoni, na mpaka leo sijaiona tena.

Tulikuwa bado koridoni, hakuna anayetaka kutangulia wala kubaki nyuma, simu ya Meneja ilipolia. Kulikuwa na mwanamke mapokezi, hataki kukaa wala kunywa maji.

Alikuwa binti wa Mhandisi, mtoto wake pekee, muuguzi wa wodi ya watoto. Alikuja moja kwa moja kutoka zamu, na sare yake bado ilikuwa na doa la dawa kwenye mfuko. Alikuwa ameweka simu ya baba yake juu ya meza yetu. Tangu kifo alikuwa akiichaji kila siku, akatuambia, kwa sababu ndani mna sauti ya mzee ikimwuliza kama amekula. Na simu hiyo ilikuwa imepokea ujumbe kutoka kwetu: *Karibu tena, Mhandisi. Chumba chako 1108 kiko tayari.*

"Huu ni wa tatu," akasema. "Wa kwanza nilidhani mmekosea. Wa pili nikalia. Leo nimekuja kuuliza mnamcheka nani."

Bi Karibu hazungumzi na mwenye huzuni akiwa nyuma ya meza. Alizunguka, akasimama mbele yake.

"Hatukutuma sisi, mwanangu. Na hatucheki. Baba yako yupo juu."

Nilitarajia yule binti apige kelele. Badala yake alishika ukingo wa meza. Nadhani kwa watu wanaokaa na wagonjwa, kuna maneno ambayo yanawastaajabisha kidogo kuliko yanavyotustaajabisha sisi.

"Nataka kujua kitu kimoja," akasema. "Nimeuliza kwa barua mara mbili, nikajibiwa kwamba taratibu zote zilifuatwa. Alitokaje hapa? Kwa mlango gani?"

Meneja akanitazama. Ningeweza kunyamaza, alikuwa hajui kwamba ni mimi.

"Wa nyuma, dada," nikasema. "Kwa lifti ya mizigo. Mimi ndiye niliyeagiza."

Hakunitukana. Ilikuwa afadhali angenitukana.

"Miaka arobaini alikagua lifti ili watu washuke salama," akasema polepole. "Nanyi mkamteremsha na nguo chafu."

Bi Karibu akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano kasoro.

"Hajatoka bado," akasema. "Anashuka kila siku anatafuta wa kumuaga, hamwoni, anarudi. Na mimi nimekaa hapa miezi mitatu nikijifanya sielewi, kwa sababu niliogopa. Kadi yake inamruhusu kukaa hadi saa kumi. Utanisaidia kumchukua, mwanangu?"

Mchana ule sitausahau. Bi Karibu alishuka dobi, chumba chake cha zamani, akapiga pasi koti lake kwa mkono wake mwenyewe. Bawabu aliambiwa avae glavu nyeupe, zile za wageni wakubwa. Meneja alipiga simu idara zote: asiye na sufuria motoni aje ukumbini saa kumi. Hakueleza kwa nini, na hakuna aliyeuliza. Maana habari za koridoni huwa hazisubiri lifti.

Dakika kumi kabla ya saa, Bi Karibu aliinua simu ya mezani na kupiga 1108. Nilikuwa bega kwa bega naye. Nilisikia ikiita mara mbili. Kisha nikasikia ikiinuliwa.

"Mhandisi, habari za mchana," akasema, sauti ile ile ya swichibodi. "Saa kumi inakaribia. Nakuja kukuchukua."

Akasikiliza. Akatikisa kichwa mara moja, kama mtu anayeombwa radhi akisema si kitu. Akasikiliza tena, muda mrefu zaidi, kisha akaweka simu chini na kujifuta jicho kwa kidole cha pete. Nimemwuliza mara nyingi aliambiwa nini. Hunijibu hivi: "Mgeni akinieleza jambo simuni, jambo hilo ni la mgeni."

Tulipanda watatu, yeye, binti na mimi. Akabisha. "Mapokezi, Mhandisi."

Kitasa kikashuka kwa ndani. Mlango ukafunguka kiasi cha mtu kupita.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Pazia, kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile, lilikuwa limefungwa kabisa. Kisha harufu ya sabuni ya kunyolea ikatupita, taratibu, kama anapopita mtu anayeangalia asikukanyage. Binti akasema "Baba?" kwa sauti ya mtoto, akaziba mdomo wake kwa mikono miwili.

"Tembea naye," Bi Karibu akamwambia. "Huku, upande wa goti zima."

Wakatembea. Bi Karibu alikuwa nusu hatua mbele, kwa mwendo wa mtu anayemsubiri mwenye goti bovu, akizungumza mambo madogo madogo: kwamba zulia hili ni jipya, kwamba binti yake alipona, na mtoto ni wa kike, kwamba anaomba radhi hakuwepo. Mimi nilikuwa nyuma yao. Niliona nyayo kwenye zulia, maana zulia letu ni la manyoya marefu na hushika alama. Nilihesabu jozi tatu mbele yangu.

Lifti namba mbili ilikuwa wazi, inasubiri. Kioo cha ndani kilituonyesha watatu. Fundi, aliyekuwa chumba cha mitambo akiangalia kipimo cha uzito, alituambia baadaye kwamba tulishuka wanne.

Kati ya ghorofa ya tano na ya nne lifti ikatikisika kidogo, kama ilivyozoea.

"Bado anakohoa," Bi Karibu akasema, akiangalia pale karibu na mlango ambapo hapakuwa na mtu. "Nitamwita daktari wake kesho, nakuahidi."

Binti akacheka, na kicheko hicho hicho kikageuka kilio kabla hatujafika chini.

Milango ilipofunguka, ukumbi mzima ulikuwa umesimama. Wapishi na kofia zao, wasichana wa usafi, walinzi wawili waliombeba siku ile, watu wa bustani wenye udongo viatuni, Mama Shuka, Meneja Mkuu ameshika mikono mbele. Wageni waliokuwa wakisoma magazeti waliangalia huku na huku, wakaona nyuso zetu, nao wakainuka bila kujua wanamsimamia nani.  Tulisikia kiyoyozi. Wapo wanaosema walisikia na hatua, moja nzito, moja nyepesi, zikivuka marumaru. Mimi sikusikia. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, na sikuthubutu kukiinua mpaka alipopita.

Mlangoni Bi Karibu akasimama.

"Safari njema, Mhandisi," akasema.

Swali lake la siku zote hakuliuliza.

Bawabu akafungua mlango wa hoteli, kisha wa taksi, na anaapa kwamba mtu alimbonyeza kiganja, kwa shukrani, kupitia glavu. Gari likainama kidogo upande ule. Binti akazunguka, akaingia upande wa pili. Dereva, ambaye alikuwa ametoka kuitwa barabarani na hakuambiwa lolote, aligeuza shingo akauliza: "Nyote mnashuka pamoja?"

"Hapana," binti akasema. "Mimi naenda nyumbani. Yeye utamfikisha atakapokwambia."

Nilirudi mezani. Kwenye kompyuta, 1108 ilikuwa imeandikwa: *Ameondoka, saa 10:06.* Mahali pa namba ya mfanyakazi palikuwa wazi. Hakurudi tena. Lifti namba mbili ilikaguliwa kesho yake kama alivyoahidiwa mwenyewe, na tangu hapo inapanda ikiitwa tu.

Wiki iliyofuata Bi Karibu aliandika nusu ukurasa na kuupeleka kwa Meneja, ambaye aliutia sahihi bila kukaa. Ndio kanuni iliyo ukurasa wa arobaini na moja wa kitabu chetu cha kazi, na wengi wenu mnaijua bila kujua aliyeitunga: mgeni akifariki kwetu, awe na kadi au hana, anashushwa kwa lifti ya wageni, anatolewa kwa mlango wa mbele, na wote walio zamu wanasimama. Tumesimama mara nne tangu hapo. Mara ya kwanza mgeni mmoja alilalamika kwamba jambo lile limemharibia chai. Meneja Mkuu alimjibu kwa adabu kubwa: "Na wewe tutakusimamia, bwana."

Orodha ya mengine ni ndefu, nami nimeshapita kipimo nilichopewa. Amefundisha wapokea wageni thelathini na wanane, wawili kati yao sasa ni mameneja katika hoteli nyingine na bado humpigia simu wakikwama. Hakuwahi kuchelewa zamu isipokuwa mara moja, na mara hiyo alikuja na barua ya mumewe ikieleza kwamba kosa ni la cherehani. Anasema sasa atalima mchicha nyuma ya nyumba na kuamka jua likiwa limeshachoka kumsubiri.

Jumatatu nitakaa kiti chake. Nilimwambia kwamba naogopa. Akaniambia alishaogopa sana yeye, na kwamba woga si kosa la kazi. Kosa la kazi ni kukaa kitini wakati mgeni amesimama.

Dada, kwa niaba ya ghorofa zote kumi na nne na zile mbili za chini, ahsante kwa ulivyotupokea sisi tuliokuja hapa tukiwa hatujui hata kusalimu. Tunakutakia miaka mingi yenye afya na miguu isiyouma, asubuhi zisizo na zamu, na wajukuu wanaosikia wakiitwa. Maisha yawe mema kwako na kwa fundi wako. Nenda salama.